Hosteli ya mwanangu Changanyikeni: nyota tatu

Nimemtembelea mwanangu bila kupiga simu. Chumba cha vijana wanne, si mbali na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Getini kuna mlinzi, choo kisafi kuliko nilivyotegemea. Taabu ni maji: siku ya pili bomba halijatoa hata tone.

Mapambo sasa! Ukuta mmoja bendera ya Simba, wa pili ya Yanga, na sakafuni wamebandika mstari wa selotepu kugawa mipaka. Pazia ni kanga yangu niliyoitafuta tangu Pasaka. Kando ya mtungi wa gesi wa kilo 6 kuna sufuria ya ugali imelowekwa, "tangu juzi tu, mama." Magodoro yamebonyea kama mtumbwi, mwenye nyumba ayabadilishe. Kanga nimerudi nayo.