Tahadhari Mtwara na Lindi: sola na gari la umeme la "mgeni anayeondoka"

Ndugu wa Mtwara, Lindi, Masasi na Kilwa, pamoja na nyote mliokuja kusini kwa mikataba ya kazi, kaeni macho. Ukiletewa sola kwa hadithi ya mgeni anayeondoka, usitoe hata senti kabla ya kupima.

Mtindo ni huu. Picha inaingia kwenye simu: paneli nne za wati 550, betri ya lithiamu ya volti 51.2 na Ah 100 (ampea-saa, kipimo cha ujazo wa betri), inveta ya kilowati 5. Muuzaji anadai ni mali ya mgeni wa gesi aliyemaliza mkataba, anapanda ndege keshokutwa, ndiyo maana bei ni nusu ya dukani. Anaomba kianzio kwa simu ili mzigo "usichukuliwe na mwingine". Wanaowindwa ni wageni waliopanga Shangani na Mikindani, ambao bado hawajazijua bei za mjini, na wakulima wenye fedha ya korosho mkononi minada ikishafunguliwa Oktoba. Wapo wanaopoteza kianzio tu. Wanaoumia zaidi ni wanaoletewa mzigo kweli, kwa sababu mzigo wenyewe unawaka mbele yao, nao wanalipa bei yote.

Analeta jioni, na jioni ameichagua makusudi. Tuseme ni mfumo mdogo wa volti 12: anachomeka mita kwenye paneli, inasoma volti 20, anasema unaona mwenyewe. Anaigusisha kwenye betri, inasoma 13.2, anasema imejaa. Taa inawaka, simu inachaji, unalipa, anaondoka. Vipimo vyote viwili ni vya volti, na volti ndicho kipimo kisichosema chochote hapo. Paneli hutoa karibu volti zake zote hata jua likiwa limefifia au wingu limetanda. Kinachopungua ni ampea, yaani wingi wa umeme unaopita. Betri ya lithiamu ya chuma na fosfeti (LiFePO4) nayo ina volti zisizoyumba: ikiwa nusu husoma kama 13.1 au 13.2, na ikijaa na kutulia husoma 13.3 au 13.4. Na betri chakavu ya Ah 20 inasoma sawasawa na mpya ya Ah 100. Kwa hiyo achana na volti zake. Dai sentimita, kilo, ampea na saa.

Anza na paneli, maana futi ya fundi cherehani inatosha. Paneli nzuri za siku hizi hazitoi zaidi ya wati 240 hivi kwa mita mraba moja, jua likiwa kali kabisa. Paneli halisi ya wati 550 ina urefu wa kama mita 2.28 na upana wa mita 1.13, na uzito wa karibu kilo 28. Ukiona stika ya wati 300 kwenye paneli ya mita 1 kwa sentimita 55, zidisha: ni mita mraba 0.55, haiwezi kuvuka wati 130 hivi. Hakuna teknolojia mpya hapo, ni stika mpya.

Kisha pima ampea saa sita mchana, anga likiwa wazi, paneli ikilitazama jua. Paneli ya wati 100 ya mfumo wa volti 12 inapaswa kutoa karibu ampea 6 ikiunganishwa chanya na hasi moja kwa moja kupitia mita. Ya wati 550 hutoa karibu 14. Ukipata chini ya asilimia 80 ya ampea zilizoandikwa nyuma kwenye jua la namna hiyo, irudishe. Mita nyingi za bei rahisi hukomea ampea 10, ukiipimia paneli kubwa fyuzi ya ndani inakatika. Tafuta mita ya kubana waya inayosoma mkondo wa DC (umeme wa paneli na betri), si ile ya AC (umeme wa gridi) peke yake. Paneli iliyokwisha kutumika karibu na bahari itazame pia kwenye kingo na kwenye kiboksi cha nyuma: kioo kikianza kuachana na plastiki, au vituo vya kuunganishia waya vikiwa na kutu ya kijani, chumvi imeshaingia.

Kwenye betri ndiko kuna fedha nyingi, na ndiko kuna hatari. Beba mzani. Lithiamu ya volti 12.8 na Ah 100 ina uzito wa kilo 10 hadi 13. Betri ya jeli (aina ya betri ya risasi) ya volti 12 na Ah 100 ina kilo 27 hadi 33, na ya Ah 200 inakaribia 60. Ile ya volti 51.2 na Ah 100 ina kilo 40 hadi 50. "Lithiamu" ya volti 12.8 na Ah 100 yenye kilo 30 ni betri ya risasi iliyovalishwa boksi jipya, na yenye kilo 5 haina seli za kutosha. Lakini mzani unakusaidia kukataa tu, haukuambii ukubali, kwa sababu mchanga na zege navyo vina uzito, na vimewahi kukutwa ndani ya betri feki.

Kinachomaliza ubishi ni kuimaliza betri. Ichaji hadi ijae, kisha nunua taa mbili za mbele za gari za volti 12 na wati 55 kwenye duka la spea, ziunganishe na betri kupitia fyuzi ya ampea 15, uandike saa ya kuwasha. Betri ya volti 12.8 na Ah 100 ina takriban wati-saa 1,280, na taa mbili zinakula wati 110, kwa hiyo zinapaswa kuwaka kama saa 11. Zikizimika baada ya saa tatu au nne umeletewa Ah 30 au 40. Taa hizo huwa moto sana, ziweke juu ya tofali, mbali na pazia na watoto. Muuzaji atakuambia hana muda wa kusubiri. Basi fedha nayo isubiri.

Kuna betri ambazo hazifai hata kwa bei ya kutupa. Baadhi ya hizi za "volti 12" zimeundwa kwa seli kuukuu za kompyuta mpakato, tatu tatu kwa mfululizo. Seli moja ya aina hiyo mwisho wake ni volti 4.2, hivyo tatu zikijaa ni 12.6. Kontrola (kifaa kinachosimamia kuchaji betri) iliyopangwa kwa betri ya jeli inasukuma hadi 14.4, yaani volti 4.8 kwa kila seli. Kama hakuna bodi ya ulinzi ndani, au ipo lakini mbovu, seli inavimba, inachemka na kushika moto, na moto wake ni mgumu kuuzima. Kwa hiyo muulize muuzaji ni seli za aina gani na ngapi kwa mfululizo. LiFePO4 ya volti 12.8 ina nne, ya 51.2 ina kumi na sita. Asiyejua jibu la swali hilo hauzi betri, anauza boksi.

Kontrola zenye maandishi ya MPPT (aina inayogeuza volti za ziada za paneli kuwa ampea) lakini nyepesi kama simu karibu zote ni PWM (aina rahisi inayounganisha paneli na betri moja kwa moja). Zipime zikiwa zinachaji: kama volti za upande wa paneli zimeshuka zikalingana na za betri, ni PWM. MPPT ya kweli huiacha paneli kwenye volti zake za juu na kutoa ampea nyingi zaidi kuliko zinazoingia. Inveta ya "wati 3,000" ya volti 12 inahitaji zaidi ya ampea 250 kutoka kwenye betri, na kazi hiyo inataka waya wa milimita mraba 70 kwenda juu. Ikija na waya mwembamba wa kuwashia redio, mtengenezaji mwenyewe amekwisha kukwambia ukweli. Waya nao uukwangue kwa kisu: ukikuta weupe chini ya rangi ya shaba ni alumini iliyopakwa, na kwa hewa yetu ya chumvi itakuchomea maungio ya waya.

Hadithi ileile sasa inauza gari la umeme, Nissan Leaf. Hapa volti zimegeuka vipau: dashibodi inaonyesha vipau 12 vya afya ya betri, gari linaitwa jipya. Kompyuta ya betri inaweza kufutwa kumbukumbu, vipau vikarudi vyote, kisha vikaanza kudondoka mwenye gari akiwa ameshalipa. Betri ya Leaf haina mfumo wa kupozwa kwa maji, na joto huizeesha haraka. Chomeka kisomeo cha OBD2 (kifaa cha kusoma kompyuta ya gari), fungua programu ya simu ya LeafSpy, tazama SOH (asilimia ya afya ya betri) na Ah. Ile ya kilowati-saa 24 ikiwa mpya ilikuwa na karibu Ah 65. Gari la miaka kumi linalosoma 65 kamili limefutwa kumbukumbu au limebadilishwa betri. Kisha lichaji lijae na uliendeshe. Likiwa jipya, kwa vipimo vya Marekani, lilikwenda kilomita 117 hadi 135 kutegemea mwaka wake. Lililochoka hadi nusu, ukitoka nalo Mtwara kwenda Lindi halifiki hata Mingoyo.

Kuhusu malipo: lipa mzigo ukishapimwa, kwa namba ya biashara yenye jina linalolingana na la kwenye risiti. Dai risiti ya EFD na uihakiki kwenye tovuti ya TRA kabla muuzaji hajaondoka. Waranti ya miaka mitano iliyoandikwa kwenye karatasi isiyo na TIN wala anwani ni karatasi. Fundi wa kufunga awe na leseni ya EWURA, na akuonyeshe.

Kama umeshanunua na una shaka na betri, ikate kwenye mfumo leo, itoe chumba cha kulala, iweke kivulini juu ya sakafu ya saruji, usiifungue. Hifadhi stika, picha, namba za simu na ujumbe wote. Ripoti polisi upate RB, kisha peleka malalamiko Tume ya Ushindani (FCC) kwa bidhaa bandia na TBS kwa ubora. Namba iliyokutapeli itume TCRA kupitia 15040. Na kama ni kianzio ulichotuma dakika hizi na simu ya muuzaji haipatikani tena, acha kumpigia. Pigia mtandao wako wa simu uombe muamala uzuiwe, maana wakala akishampa fedha taslimu hakuna cha kuzuia.