NetworkX kwenye ratiba ya mitihani: uzoefu wangu wa muhula mmoja

Kwa miaka mitatu ratiba ya mitihani ya idara yetu nimeipanga kwa mkono kwenye Excel. Mitihani 58, na kila muhula, siku chache baada ya kuibandika ubaoni, mtu anabisha hodi: "Mwalimu, nina mitihani miwili kwa wakati mmoja." Safari hii nikajaribu NetworkX, maktaba ya bure (mkusanyiko wa amri zilizokwisha kuandikwa) ya lugha ya programu ya Python, kwa ajili ya grafu, yaani nukta na mistari inayoziunganisha.

Wazo lenyewe halina makuu. Kila mtihani ni nukta. Akiwepo hata mwanafunzi mmoja anayefanya mitihani miwili fulani, unaiunganisha kwa mstari. Kisha unapaka nukta zote rangi, ila zilizounganishwa zisifanane. Rangi ndiyo kipindi cha mtihani. Kusoma orodha ya usajili na kuunganisha nukta kulinitaka programu fupi tu, na kupaka rangi ni amri moja: greedy_color. (Usisubiri nyekundu wala kijani; inakupa namba, kuanzia 0.)

Usipoiambia kitu, inatumia largest_first, yaani inaanza na nukta yenye mistari mingi. Nikapata vipindi 11. Nikabadilisha neno moja, nikaweka DSATUR, kanuni ya Daniel Brélaz ya mwaka 1979, ambayo kila hatua inachagua nukta ambayo majirani zake wameshatumia rangi nyingi tofauti. Vipindi 9! Mimi kwa mkono nilikuwa natumia 14, na migongano juu.

Je, 8 haiwezekani? Hilo greedy_color haikujibu. Inapaka na kusonga mbele, hairudi nyuma kujisahihisha, na tatizo la kupaka rangi limo katika yale matatizo 21 ambayo mwanasayansi wa kompyuta Richard Karp alionyesha mwaka 1972 kwamba ukipata njia ya haraka ya kutatua mojawapo, umeyatatua yote. Hadi leo hakuna aliyeipata. Ila find_cliques, amri nyingine ya NetworkX, ilinitolea kundi la mitihani 9 ambayo kila mmoja unagongana na yote minane iliyobaki. Hiyo haiwezi kukaa miwili pamoja, kwa hiyo vipindi 9 ni lazima. Nikaacha kutafuta. Nilikuwa na bahati, maana kuna grafu ambazo kundi kubwa kuliko yote ni dogo kuliko idadi ya rangi zinazohitajika, na hapo unabaki na shaka yako.

Sasa aibu yangu. Ratiba ya kwanza niliwatumia wenzangu, mmoja akauliza kwa nini Takwimu iko Jumatatu na Alhamisi. Kwenye orodha niliyoijaza mwenyewe kulikuwa na TAK 201 na TAK201. Nafasi moja tu katikati, na kompyuta ikaona mitihani miwili isiyohusiana. Tungetoa karatasi ile ile ya maswali mara mbili. Siku hizi nasafisha misimbo yote kabla ya kuchora mstari wowote.

Tatizo jingine si la maktaba, ni la kupaka rangi kwenyewe: rangi haijui ukubwa wa ukumbi. Rangi namba 0 ilijaza mitihani 13 kwenye kipindi kimoja, kwa sababu inajaribiwa kwanza kwa kila nukta. Viti havikutosha. Hapo ikabidi niichukue mistari ile ile niipeleke kwenye OR-Tools, maktaba ya Google ya kutafuta suluhisho linalotimiza masharti unayoyaweka, nayo ni ya bure: kila mstari nikaugeuza sharti la "msiwe kipindi kimoja", nikaongeza idadi ya viti. Kujifunza hilo kulinila jioni mbili. NetworkX nilikuwa nimeizoea ndani ya saa moja.

Naipa nyota 4 kati ya 5. Ratiba iliyobandikwa ina vipindi 10, si 9. Viti ndivyo vilivyodai kile kimoja.