Vitabu vya fasihi vya kidato cha tatu na cha nne: kipi kimenikaa na kipi hapana

Nimemaliza kidato cha nne na madogo wa mtaani kila siku wananiuliza vile vitabu vya Kiswahili vikoje, kipi kirefu, kipi kigumu, kipi kina maksi, basi nimeona niandike yote hapa kwa mkupuo. Ninavyovisema ni vile vya orodha ya mtihani wa taifa hapa Tanzania: riwaya ni Takadini, Watoto wa Mama N'tilie na Joka la Mdimu, tamthiliya ni Orodha, Ngoswe na Kilio Chetu, ushairi sisi tulipewa Wasakatonge na Malenga Wapya. Sitavigusa vyote sawa, vingine nimekaa navyo sana kichwani na vingine nilisoma nikafunga.

Naanza na Takadini cha Ben Hanson maana hiki ndicho nampa nyota zote tano bila kusita. Stori inatokea Zimbabwe zamani, kijijini, mama mmoja anaitwa Sekai amekaa kwenye ndoa miaka bila mtoto, wake wenzie wanazaa yeye hazai, maneno anayopigwa unayajua mwenyewe, halafu siku anapata mtoto, mtoto ana ualbino. Na mila ya pale ni kwamba mtoto wa hivyo haishi. Sekai hagombani na mtu, hasimami kuhutubia wazee, anamfunga mwanae mgongoni anaondoka. Anaacha mume, anaacha nyumba, anaacha ile heshima ya kuitwa mama fulani ambayo ameisubiri miaka yote, anaingia porini na kichanga. Hapo niliacha kusoma kidogo nikawaza, huyu mwanamke ndo kwanza ameanza kuheshimika kijijini na inabidi aache kila kitu siku hizo hizo, na mwandishi hakwambii kwamba ni jasiri, anakuonyesha tu anavyotembea na wewe mwenyewe unajua.

Kijiji anachofikia hawampokei kwa furaha pia. Wanawake wanavuta watoto wao pembeni, watu hawataki kumsogelea, anayemsimamia ni mzee Chivero, na huyu mzee ndiye anamfundisha Takadini, yule mtoto wa Sekai, kupiga mbira, ala ya muziki ya huko kwao. Nawaomba mkifika kwenye mbira msipite haraka, kwa sababu kwenye uchambuzi wa darasani mbira inatajwa sentensi moja basi, wakati kwangu mimi ndo roho ya kitabu, mtoto ambaye watu hawataki hata kumtazama anapata kitu cha kuwafanya wakae wamsikilize. Halafu anakuja Shingai, binti mzuri ambaye kila mtu anamtaka na ameshapangiwa mwanaume, anaamua anakwenda kwa Takadini. Wazazi wake wanachanganyikiwa kabisa.

Sasa kuna watu darasani kwetu walisema hiki kitabu ni cha zamani na cha nchi nyingine, hakituhusu. Mimi nilibishana nao sana na bado nabishana. Mauaji ya watu wenye ualbino yalianza kusikika sana hapa kwetu kuanzia kama mwaka 2007, hasa Kanda ya Ziwa, mwaka 2008 Rais Kikwete akamteua Al-Shaymaa Kwegyir kuwa mbunge, mama mwenye ualbino, na watu wakadhani mambo yanaelekea kuisha, halafu mwaka 2024 mtoto mdogo kabisa kule Kagera anachukuliwa mikononi mwa mama yake anauawa. Mwaka 2024 jamani. Kwenye Takadini mtoto alitakiwa auawe kwa sababu ya mila na mama akapata pa kukimbilia, kwetu mtoto anauawa kwa sababu ya hela za waganga na mama hana hata pa kukimbilia maana wamemfuata ndani kwake. Ukimaliza kusoma hicho kitabu halafu ukasikia taarifa ya habari huwezi kusema hakituhusu. Mwalimu akikuuliza ujumbe wa Takadini utaandika mila potofu hazifai, sawa, utapata maksi zako, ila soma kwa ajili ya Sekai.

Cha pili kwangu ni Ngoswe, jina kamili ni Ngoswe Penzi Kitovu cha Uzembe, cha Edwin Semzaba, ambaye alikuwa mwalimu wa sanaa za maonyesho pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na inaonekana kabisa mtu huyu aliandika akijua jukwaa linavyokwenda. Ni kifupi, unakimaliza prepo mbili, na mazungumzo yake ni ya watu wazima wa kijijini kabisa, unawasikia. Ngoswe ametumwa na serikali kuhesabu watu, anafika kijijini anamwona Mazoea binti wa mzee Ngengemkeni Mitomingi, kazi ya taifa inaishia hapo hapo, mapenzi na pombe, mwisho anataka kutoroka na binti na mzee kwa hasira anazichoma zile karatasi za takwimu zote.

Kinachonifanya nikipende Ngoswe ni kwamba hakuna mtu mmoja wa kumlaumu. Mitomingi ana haki ya kukasirika, binti yake anachukuliwa na mgeni aliyemkaribisha mwenyewe. Ngoswe ni kijana mjinga lakini sio mbaya, na Mazoea hakulazimishwa. Halafu wanaoumia ni wale wa nchi nzima ambao hawapo hata kwenye mchezo, maana ukishachoma karatasi za kijiji, hicho kijiji serikalini hakipo, hospitali yake na shule yake zitapangwa kwa namba gani? Nilikisoma karibu na ile sensa ya 2022, makarani walipita kwetu na vishikwambi badala ya makaratasi, na nilikuwa namwangalia yule karani anavyomuuliza bibi maswali, bibi anasita kusema wamelala wangapi usiku ule, anamwangalia baba kwanza ndo ajibu. Ni kitu hicho hicho alichokiandika Semzaba, watu hawamwamini mtu anayekuja kuwahesabu, na akifanya ujinga mmoja tu wanapata sababu. Mwalimu wetu alitufanya tukiigize darasani, na hiyo ndo njia ya kukisoma, msikisome kimya kimya, gawaneni wahusika.

Orodha cha Steve Reynolds. Hapa kuna wazo moja kali sana. Furaha, msichana mdogo, anakufa kwa Ukimwi na ameacha barua ya kusomwa msibani kwake, na kijiji kizima kinaamini kwenye ile barua kuna orodha ya wanaume aliotembea nao. Basi wale wanaume wanahaha, hata padri hana raha, wanataka barua isisomwe kabisa. Inaposomwa sio majina ya watu, ni orodha ya vitu ambavyo angevipata visingemfikisha pale. Nilisisimka kweli. Kinachoniuma ni kwamba kwenye uchambuzi wa kununua wanakuanzishia na mwisho, ukurasa wa kwanza kabisa wanakwambia orodha ilikuwa na nini, wanakuharibia kitu ambacho mwandishi amekujengea mchezo mzima. Kwa hiyo hata mimi hapa nimeshawaharibia kidogo, ila vitu vyenyewe sivitaji, nendeni mkavikute.

Kilio Chetu kinaongea Ukimwi vilevile, kimetoka Medical Aid Foundation, na kwa kweli ukisoma baada ya Orodha unaona tofauti. Wazazi wanabishana, huyu anasema watoto wafundishwe mambo ya jinsia, Mama Suzi hataki kusikia, na mwanae ndiye anayeharibikiwa. Ninakubaliana na kila kitu wanachosema. Lakini mhusika anafungua mdomo na unajua anachotaka kukufundisha kabla hajamaliza, ni kama kusikiliza tangazo la zahanati. Kwa mtihani ni rahisi sana, dhamira zimekaa juu juu unazichukua tu, ila mpaka leo ukiniuliza Joti, yule kijana wa mle, alikuwa mtu wa namna gani, anacheka vipi, anapenda nini, siwezi kukwambia, wakati Furaha ambaye tunakutana naye ameshakufa namjua.

Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo ni Dar es Salaam, na mimi nina mama mdogo anauza chakula kwa hiyo nilikisoma kwa hasira. Mama anaamka alfajiri kuwasha moto, mumewe Mzee Lomolomo anakunywa pombe, watoto Peter na Zita wanarudishwa nyumbani shule kwa ajili ya ada na sare, na wanaishia kwenye mambo ya jalalani na mtaani. Kuna jamaa darasani alisema hii imepitwa na wakati kwa sababu tangu 2016 elimu ni bila malipo mpaka kidato cha nne. Ni kweli ada hakuna. Ila sare nani ananunua, na madaftari, na viatu? Mwanafunzi akija na kandambili anarudishwa getini mpaka leo, nimewaona. Nilichopenda Mbogo hamfanyi huyu mama kuwa malaika, anachoka, anafoka, kuna wakati watoto wenyewe wanamuudhi. Ubaya wake mambo yanakuja mengi sana kwa wakati mmoja, msiba juu ya msiba, mpaka sehemu nyingine unaona mwandishi ameamua tu wote wateseke.

Joka la Mdimu sitasema mengi. Profesa Abdallah Safari ni mwanasheria na ule ujuzi wa jinsi wakubwa wanavyokula unauona, na yule baba anayehangaikia matibabu ya mwanae nje ya nchi anakuuma. Lakini wahusika ni wengi, inabidi uandike majina pembeni, na nusu ya kwanza inakwenda taratibu. Kama una muda, soma. Kama mtihani ni mwezi ujao, Takadini na Mama N'tilie vinakutosha maana swali la riwaya linataka vitabu viwili.

Ushairi najua wengi mnaukimbia. Msiikimbie Wasakatonge. Mohammed Seif Khatib alikuwa mwanasiasa, amewahi kuwa waziri, halafu anakaa anaandika shairi la makuli wa bandarini na manamba wa mashambani, watu ambao ndio wanaowaweka wakubwa Ikulu na wao wenyewe wanabaki vilevile. Mtu wa serikali ameandika hivyo! Lisome lile shairi kwa sauti, mistari mifupi mifupi, ina mapigo ya mtu anayebeba mzigo, mimi nilikuwa nalisema njiani naenda shule. Malenga Wapya ni vizuri kwa wale wanaopenda vina na mizani, ile ladha ya Zanzibar, ila mimi na rafiki zangu hatukulingana, wengine walipenda zaidi hicho.

Kuhusu kununua, chukueni kopi halisi hata mkichangishana watu watatu. Kuna sehemu moja mjini sitaitaja walituuzia Takadini ya fotokopi, kurasa za katikati zimerudiwa mara mbili na zingine hazipo kabisa, na sehemu iliyokosekana ndiyo ile ya Shingai kuondoka kwao, tulikaa wiki nzima tunaulizana amefikaje kwa Takadini mpaka dada wa kidato cha sita akatuazima chake. Zile pdf za uchambuzi zinazozunguka WhatsApp pia muwe nazo makini, nimeona moja imeandika mambo ya Mazoea kwenye Orodha, mtu akikariri ile akaingia nayo kwenye pepa amekwisha.

Mpangilio wangu kama mnaanza leo: Ngoswe kwanza ili mchangamke, halafu Takadini mkiwa na wikiendi nzima ya utulivu, Orodha na Kilio Chetu mfululizo ili muone wenyewe hiyo tofauti niliyoisema, Mama N'tilie likizo mkiwa nyumbani, na Wasakatonge shairi moja moja kila siku katikati ya hivyo vingine. Na kama kuna mtu amependa Kilio Chetu kuliko Orodha aniandikie sababu, nitasoma, nataka kweli kujua ameona nini ambacho mimi sijakiona.