Steshenari ya Mwanga: kopi na mabango nenda, rekodi kaa nazo

Nyota 3, na hizo 3 nyingi ni za dada anayekaa kompyuta ya pili. Jina la duka siweki, ni moja ya hizi steshenari za huku Mwanga, Kigoma.

Kwanza niseme nilipeleka nini. Mi ni mwalimu wa chuo, nafanya utafiti wa mawasiliano ya afya na hali za wakimbizi kambini Nyarugusu. Kila nikirudi nyumbani mjomba ananiuliza, kwahiyo mwanangu wewe ni daktari? Namwambia hapana. Basi mtangazaji? Hapana mjomba. Anaguna anabadili stori. Ila kazi yenyewe ni rahisi kuielezea, mtu kakimbia vita kafika hapa, mnamwambia chemsha maji nawa mikono, sasa je kakusikia, na kasikia nini? Mnaokumbuka 2015 Warundi walivyojazana kijiji cha Kagunga pale ufukweni wakisubiri meli ya Liemba iwalete mjini, kipindupindu kikaingia. Na Mkongo au Mrundi ukimwambia kipindupindu anaweza akakutolea macho tu, yeye anaijua kolera. Ndo maana neno lililomtoka mtu mdomoni kwangu ni mali, nalibeba kama lilivyo mpaka lipande kwenye bango.

Sasa nilikuwa na rekodi 14 za mahojiano, zingine Kiswahili cha Kongo, zingine Kirundi kimechanganywa na Kiswahili, na anayejua kazi hii anajua saa moja ya sauti unaweza ukaiandika kutwa nzima mpaka shingo ikauma. Nikaona mlangoni wamebandika TUNAANDIKA SAUTI, TUNATAFSIRI. Bei ya kawaida. Nikawapa 3 za kujaribu, nikamsainisha kijana fomu ya usiri, akasaini bila kusoma huku anaongea na mteja mwingine, na mi mtu mzima nikaondoka hivyo hivyo. Hapo kosa ni langu.

Siku ya tatu narudi, sijafika hata mlangoni nasikia sauti ya mama naijua. Naijua kabisa, nilikaa naye kwenye mkeka karibu saa mbili. Inatoka kwenye spika, ile ile ya kupigia muziki, na kwenye benchi kuna watu kama wanne wanasubiri kopi za vyeti wametulia wanasikiliza, mmoja anatikisa kichwa kwa huruma. Alichokuwa anasimulia siandiki hapa. Mama yule aliniuliza mara mbili kabla sijawasha rekoda, nani atasikia? nikamjibu mimi tu na wenzangu wa kazi. Nikaenda nikachomoa waya wa spika mwenyewe. Kijana anashangaa, ananiambia "mwalimu, si hatujataja jina?" Aisee.

Nikafungua alichoandika. Ukisoma harakaharaka unamsifia, Kiswahili kimenyooka kama cha taarifa ya habari, na hapo ndo tatizo. Mtu kasema kolera, yeye kaandika kipindupindu. Batoto wamekuwa watoto. Mtu kasema "niko na mawazo mingi", yeye kaandika "nina msongo wa mawazo". Msongo wa mawazo ni maneno ya bango la ukutani na ya nesi, yule mama hajayasema! Nikiripoti kwamba wakimbizi wenyewe wanasema msongo, mwenzangu atakayekuja ataandika msongo kwenye kipeperushi, na kitaishia kufungia maandazi. Halafu kila penye Kirundi kaandika "haisikiki". Ukurasa mzima, haisikiki, haisikiki.

Dada wa kompyuta ya pili siku ya spika hakuwepo, alikuwa msibani. Kesho yake ndo akaniita, mwalimu hebu niisikilize. Ni Muha wa Heru Juu, na Kiha na Kirundi ni ndugu wa karibu. Akarudisha nyuma mara tatu akasema mbona inasikika, huyu anasema guhahamuka, ni yule mtu aliyeona makubwa hata mlango ukigongwa tu anaruka. Akaliandika neno kama lilivyo na maelezo akayaweka chini yake, wala sikuwa nimemfundisha. Kuna watu tumewalipia ada miaka miwili hawajalishika hilo.

Mambo mengine ya duka fupi tu. Kopi ziko safi, wino haufifii. Mabango yangu ya A3 waliyaleminate vizuri hayajaingiza maji mpaka leo na yako nje kwenye mvua. Umeme ukikatika wanawasha jenereta bila kukuongezea bei. Mama mwenye duka nae muungwana, alinipa pole, akanirudishia nusu ya hela na akafuta mafaili mbele ya macho yangu mpaka kwenye kapu la taka la kompyuta.

Zile rekodi sasa naandika na yule dada, jioni wakishafunga, kwa earphone nilizonunua mwenyewe na malipo tofauti tuliyokubaliana na bosi wake akijua. Tumemaliza 6. Kama una dodoso la kuprinti fika kabla ya saa 4, baada ya hapo wanafunzi wa fildi wanajaa hupati hata pa kusimama, na ukimkuta kijana peke yake mpe kopi tu.