Upanga nimeupenda, kunolewa kwake sikukupenda

Riziki yangu ni kutengeneza saa za mkono, na kwa miaka sita sasa jioni mbili kila wiki huwa kwenye mazoezi ya fensingi, mchezo wa kupigana kwa panga. Kwa hiyo niliponunua nakala ya upanga mwembamba wa karne ya 18, niliupokea kwa macho yaliyozoea vitu vidogo na kwa kiganja kinachojua silaha iliyoelemea mbele inavyochosha kifundo cha mkono. Nimekaa nao miezi minne. Upanga wenyewe nausifu bila kusita. Huduma ya kunoa niliyolipia pamoja nao ndiyo iliyonikera, na nataka anayefikiria kununua ajue kwa nini.

Usiwaze panga la kufyekea wala kitara kilichopinda. Huu umenyooka, ni mwembamba, na waungwana wa Ulaya waliufunga kiunoni tangu nusu ya pili ya karne ya 17 hadi karibu na mwisho wa karne ya 18. Ulitokana na repia, upanga mrefu zaidi na mzito zaidi, ukafupishwa na kupunguzwa hadi mtu akaweza kuvaa siku nzima, akakaa nao mezani, akapanda nao ngazi. Wafaransa waliuita épée de cour, upanga wa kuingia nao kwa mfalme. Ulikuwa pambo, na ulikuwa silaha ya kweli. Kazi yake ni moja tu: kudunga.

Hilo la kudunga liweke akilini, maana ndilo lililonifanya niandike.

Kengee ya upanga huu, yaani chuma chenyewe kuanzia mpini hadi nchani, haina bapa kama kisu. Ukiikata katikati utaona umbo la pembe tatu, na kila uso umechimbwa kidogo kwa ndani. Kwa kuchimbwa hivyo uzito unapungua, lakini ule ugumu wa kutopinda unabaki. Kuchimba nyuso za namna hii kulikuwa ufundi wa watu wachache. Mafundi wa Solingen, Ujerumani, walisifika nao, na Waingereza waliutamani kiasi cha kuanzisha kampuni mwaka 1691 kwa ajili ya kengee za aina hii tu. Wahunzi kutoka Solingen wakaenda kufanya kazi Shotley Bridge, kaskazini mwa Uingereza. Baadaye jina la kampuni hiyo likaangukia mikononi mwa wenye fedha, ikawa benki, ikajikuta ndani ya biashara ya hisa za kampuni ya South Sea iliyoporomoka mwaka 1720. Kila nikipitisha kidole kwenye mfuo wa kengee yangu nakumbuka kwamba kibonde hiki kidogo kiliwahi kuhamisha mafundi kutoka nchi hadi nchi.

Tuje kwenye mzigo wenyewe. Niliagiza kwa muuzaji wa mtandaoni anayeuza nakala za silaha za kale. Kwanza nilihakikisha sheria ya ninapoishi inaniruhusu kumiliki kitu cha namna hii na kukipokea kwa posta. Wewe pia fanya hivyo kabla ya kulipa hata senti. Sanduku lilifika likiwa zima, upanga umefungwa kwa karatasi yenye mafuta, na ncha imechomekwa kwenye kipande cha kizibo.

Nilipima kabla ya kufurahi. Kengee ina sentimita 81. Kwenye mizani ya jikoni upanga bila ala ulionyesha gramu 498, na tangazo lilisema 500, kwa hiyo hapo muuzaji alisema kweli. Nikaulaza juu ya kidole kutafuta mahali unapotulia: sentimita 7 mbele ya kombe, ile ngao ndogo ya kukinga mkono. Hapo nikajua nimepata kitu. Kabla ya huu nilikuwa na nakala nyingine ya bei ya chini, na ile kengee yake ilikuwa kengee ya kawaida ya épée, mmoja wa panga za mchezo wa fensingi, iliyovalishwa mpini wa kizamani. Ukiigeuza unauona mfereji wa kupitishia nyaya za umeme za kuhesabia pointi. Ilikuwa ikiyumba kama fimbo ya kuvulia samaki. Kengee ya mchezo imetengenezwa ili ipinde inapomgusa mwenzako asiumie. Upanga wa karne ya 18 ulitakiwa ubaki mgumu. Ukinunua, muulize muuzaji swali hilo moja: kengee imechongwa kwa ajili ya upanga huu, au imetolewa kwenye vifaa vya michezo? Akizungukazunguka katika jibu, mwache.

Mpini ni kazi nzuri. Umeviringishiwa waya wa shaba uliosokotwa, nyuzi nene na nyembamba zikipishana, na juu na chini kuna mafundo ya waya yanayoushika usifumuke. Kombe limegawanyika sehemu mbili kama chaza aliyefunguliwa, na kuna upinde mwembamba wa kulinda vidole. Msuka, ule mkia wa kengee, umepita ndani ya mpini wote na kutokea kwenye tufe la mwisho, ukapondwa kichwa kwa nyundo, hakuna nati. Nimeutikisa, nimeugonga kwa kiganja, nimesikiliza. Kimya. Upanga wenye nati hulegea baada ya muda na kuanza kulia ndani ya mpini, na mlio huo ukishaanza hauishi. Kasoro niliyoiona ni pete mbili zilizo nyuma ya kombe: ni ndogo, kidole hakipiti. Lakini hata kwenye panga nyingi za zamani pete hizo zilidumaa hivyo hivyo kadiri miaka ilivyokwenda, zikabaki za kutegemeza kidole tu, kwa hiyo silihesabu kuwa kosa.

Sasa kunoa.

Wakati wa kuagiza, ukurasa wa malipo uliniuliza kama nataka upanga unolewe. Nyongeza yake ilikuwa karibu sehemu ya nane ya bei nzima. Maelezo yaliahidi “makali ya wembe.” Nilipaswa kushtuka hapo hapo. Upanga wa pembe tatu hauna makali ya wembe wala hauwezi kuwa nayo. Pembe tatu iliyo sawasawa ina digrii 60 katika kila kona. Nyuso zikichimbwa kona inapungua, lakini bado iko mbali na kisu cha jikoni, ambacho jumla ya pembe yake huwa digrii 30 hadi 40. Watu wa zama hizo walilijua hilo vizuri. Kitabu cha mafunzo cha Domenico Angelo, mwalimu wa fensingi, kilichotoka London mwaka 1763, kinafundisha kumnyang'anya mpinzani silaha kwa kulikamata kombe la upanga wake kwa mkono wa kushoto. Hayo ni mafunzo ya silaha ambayo hatari yake yote imekaa nchani.

Nililipia hata hivyo, nikiamini watakachonoa ni ncha.

Nilipoutoa kizibo nikaona rangi. Wasiofanya kazi na chuma wangeiona nzuri. Kuanzia kama sentimita 3 kutoka nchani, feleji ilikuwa imegeuka manjano ya nyasi kavu, halafu kahawia, halafu zambarau, halafu bluu, na milimita za mwisho kabisa zilikuwa kijivu kisichong'aa. Rangi hizo nazijua kama ninavyoijua sauti ya mke wangu. Kwenye meza yangu nachoma skrubu ndogo za saa ili ziwe bluu: manjano inakuja karibu na nyuzi 220 za Selsiasi, bluu karibu na 300, na ukichelewa kidogo tu bluu inakimbia na kijivu kinaingia. Ncha yangu ilikuwa imebanwa kwenye jiwe la mashine, kavu, bila maji. Ncha ni nyembamba, joto halina pa kwenda, na sekunde mbili zinatosha.

Bluu yenyewe isingenitisha sana. Chuma cha upanga, ili kiwe na uspringi, baada ya kuzimwa, yaani kupozwa ghafla kikiwa cha moto, huchomwa tena hadi joto linalopita hapo. Kilichoniogopesha ni kile kijivu. Nilichukua tupa yangu nyembamba nikaipitisha taratibu sentimita 10 kutoka nchani: ilikwaruza kwa shida, ikilia. Nikaipitisha kwenye kijivu: ikazama kama kwenye msumari. Ncha ilikuwa imelainika. Kuthibitisha, niliibonyeza kwenye ubao wa mbao laini kwa uzito wa mkono tu, na nilipoitazama kwa lenzi ya jichoni, kichwa kilikuwa kimejikunja upande mmoja kama kucha iliyokatika. Juu ya hayo walikuwa wamejaribu kutia makali kwenye kona zote tatu, urefu wa kiganja, na kila kona ikabaki na ukingo mweupe wa kupindapinda uliovunja ule mstari safi wa kengee. Hili la kona liliniuma kuliko la ncha, maana ncha inachongeka upya na mstari uliokwaruzwa haurudi.

Niliwaandikia, nikatuma picha. Jibu lao lilikuwa la adabu, na nyongeza ya kunoa walinirudishia baada ya wiki mbili. Kwamba ncha imeungua hawakukubali, waliandika kuwa rangi ni “pambo la kawaida.” Si kweli, na muuzaji wa vyuma hapaswi kumwambia mteja hivyo.

Basi nikainoa mwenyewe, na ndiyo kazi iliyonipa raha kuliko zote mwaka huu. Nilifunga kengee kwenye jiliwa, nikaweka vipande vya ngozi pande zote mbili ili isichubuke, na ncha nikaiacha itokeze sentimita 5 tu isitetemeke. Nikakata milimita 9 za chuma kilichoungua kwa msumeno mwembamba, nikiweka tone la mafuta kila mara. Upanga ukabaki na sentimita 80 na kitu. Hakuna jicho linaloiona tofauti hiyo.

Kisha nikapaka nyuso zote tatu wino wa kalamu nene. Hii ni desturi ya mezani kwangu: tupa ikipita, wino unatoka pale tu ilipogusa, na huhitaji kubahatisha. Nilisugua mara kumi uso wa kwanza, nikageuza, kumi uso wa pili, kumi wa tatu, nikirudia mzunguko huo bila kuchoka. Ukipendelea uso mmoja hata kwa misuguo mitano, ncha inahama kutoka katikati, na upanga utakaosukuma mbele utaelekea pembeni. Nilisukuma tupa upande mmoja tu, kutoka kwenye mpini kwenda nchani, na kila baada ya mzunguko nikagusa chuma kwa mdomo. Mdomo unahisi joto kabla ya kidole. Hakikuwahi hata kuwa vuguvugu.

Hapa kuna kishawishi cha kuchonga ncha ndefu kama sindano. Nakuomba usifanye hivyo. Sindano inavutia machoni, lakini inapinda ikikutana na kitu kigumu mara ya kwanza tu. Yangu inaanza kuchongoka milimita 12 kutoka mwisho, fupi, yenye mabega. Baada ya tupa nilitumia jiwe dogo la mafuta, halafu msasa namba 800 na 1500 uliozungushiwa kijiti cha mianzi. Chini ya lenzi kulibaki kijinywele cha chuma kimening'inia nchani, chembamba kiasi kwamba kilipepea nilipopumua. Nilikitoa kwa kuburuta kila uso mara tatu juu ya ngozi ya mkanda wa zamani.

Majaribio yalikuwa mawili. Kwanza niliigusisha kwenye ukucha wa dole gumba bila kubonyeza: ikashika, haikuteleza. Kisha nikakunja jinzi ya zamani mara nne, nikaitundika mbele ya gunia la matambara, nikasukuma polepole. Ilipita bila kukwama. Nilipokunjua kitambaa, kila tabaka lilikuwa na tundu lenye miguu mitatu mifupi, kama alama ya nyota isiyokamilika. Nilirudi kwenye ncha na lenzi. Haikuwa imejikunja.

Upanga ulionolewa hivi hauingii tena kwenye mazoezi, hata kwa utani, hata kwa “nishikie kidogo.” Kwa mazoezi nina mwingine wenye kitufe butu, pamoja na kinyago na koti. Huu unakaa kwenye kabati lenye kufuli.

Ala ndiyo inayonipunguzia furaha. Ni ngozi nyembamba yenye kofia ya shaba mwishoni, na ncha ya sasa inaweza kuitoboa ukiingiza upanga kwa pembe. Nashika ala wima, nauteremsha upanga kwa uzito wake wenyewe, na sikuwahi kuusukuma. Tena siuhifadhi humo: ngozi inashika unyevu, na wiki ya tatu niliona vidoa viwili vya kutu ndani ya mfuo mmoja. Vilitoka kwa kitambaa na mafuta ya cherehani, na tangu hapo naufuta kila Jumapili.

Waya wa mpini umelegea kidogo chini ya kidole cha shahada. Nimeununulia gundi lakini bado sijaigusa. Nataka kwanza nione kama fundo la juu litaubana lenyewe hali ya hewa ikikauka. Upanga huu ningeununua tena kwa muuzaji yule yule kesho, na kwenye ukurasa wa malipo, penye kile kisanduku cha kunolewa, ningekiacha kitupu.