Tathmini ya huduma ya kuondoa vyanzo vya mionzi vilivyokwisha kazi, Kampala

Kila fundi wa maabara ya barabara anakijua kipimo cha nyuklia cha kupimia ushindiliaji wa udongo, kile chombo kinachobebwa katika sanduku la njano lenye alama ya mionzi, na chenye fimbo inayoteremshwa ardhini. Kampuni ninayoifanyia kazi ilikuwa na vipimo viwili vya aina hiyo, vya zamani, ambavyo havikuwa na matumizi tena, na kwa kuwa Sheria ya Nishati ya Atomiki ya mwaka 2008 hairuhusu mtu kumiliki wala kutupa chanzo cha mionzi bila idhini ya Baraza la Nishati ya Atomiki, tuliwaajiri washauri binafsi wa usalama wa mionzi watushughulikie suala hilo tangu ukaguzi hadi makabidhiano. Jina lao silitaji. Ninachotathmini ni huduma yenyewe.

Nianze na kazi ya mikono, kwa sababu hapo ndipo walipostahili malipo yao. Ndani ya kipimo cha kawaida cha aina hii mna vyanzo viwili. Kwenye ncha ya fimbo kuna seziamu-137, takriban gigabekereli 0.3 (bekereli ni kizio cha nguvu ya chanzo cha mionzi, na giga ni bilioni), inayotoa mionzi ya gama ya kupimia msongamano. Na kwenye kitako kuna amerisiamu-241 iliyochanganywa na berili, takriban gigabekereli 1.5, inayotoa nyutroni za kupimia unyevu. Mtaalamu aliyetumwa kwetu alikuja na mita mbili tofauti, moja ya gama na nyingine ya nyutroni, jambo ambalo wateja wengine wanaweza kuliona dogo lakini kwangu lilikuwa kigezo cha kwanza, kwa kuwa mita ya gama peke yake haiwezi kukueleza lolote la maana kuhusu nyutroni. Tena, mmoja wa vijana wetu wa stoo alipopendekeza sanduku lizungushiwe mabamba ya risasi, mtaalamu alimweleza kwa upole kwamba risasi huizuia gama vizuri lakini nyutroni huipita, na kwamba kinachozipunguza kasi ni vitu vyenye hidrojeni nyingi kama maji, nta na plastiki nene. Maelezo hayo aliyatoa bila dharau, na kijana akayaelewa.

Kisha walifuta sehemu za nje karibu na vyanzo kwa vitambaa maalumu, wakavipeleka maabara kupima uvujaji. Kiwango kinachotumika sana ni bekereli 185: kikizidi hapo, chanzo huhesabiwa kuwa kinavuja. Vyetu vilikuwa chini ya kiwango hicho, na ripoti ililetwa ikiwa na namba za utambulisho za kila chanzo, tarehe ya kutengenezwa na nguvu iliyobaki, si ya siku kilipotoka kiwandani bali ya siku ya ukaguzi. Hesabu hiyo ina uzito. Seziamu-137 hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 30 hivi, kwa hiyo kipimo kilichonunuliwa katika miaka ya tisini bado kina karibu nusu ya nguvu yake ya awali. Amerisiamu-241 huchukua miaka 432 kufika nusu, maana yake ni kwamba kwa umri wa kipimo chochote cha aina hii imepungua kidogo sana tu.

Bei ilikuwa kubwa, na uandishi wa ankara haukuniridhisha. Usafirishaji ulielezwa vizuri.

Udhaifu mkubwa wa huduma hii uko kwenye swali la baadaye. Mkataba unatumia neno "kuondoa", lakini ukisoma masharti ya mwishoni unagundua kwamba vyanzo vinahamishiwa kwenye hifadhi ya muda, kwa ada ya kila mwaka, mpaka mtengenezaji wa ng'ambo akubali kuvipokea; na mtengenezaji halazimiki kukubali ikiwa mnunuzi hakuliandika sharti hilo tangu siku ya ununuzi. Washauri walitueleza jambo hili tulipouliza, lakini lilipaswa kuwa ukurasa wa kwanza. Katika nchi ambayo chuma chakavu huokotwa na kufuliwa upya kila siku, kuanzia Katwe hadi Kisenyi hapa Kampala, chanzo kisichokuwa na mwenyewe ndicho hatari halisi. Mwaka 1987, huko Goiânia nchini Brazili, mashine ya tiba iliyoachwa katika zahanati tupu iliishia kwa wanunuzi wa vyuma, na watu wanne wakafa. Chanzo kile kilikuwa na nguvu zaidi ya mara laki moja kuliko seziamu ya kipimo chetu, na nisingependa mtu aitumie Goiânia kututisha kuhusu vyombo vya barabara. Hata hivyo mwanzo wa mkasa ule ulikuwa uleule: mmiliki alihama, chombo kikabaki.

Mashine ya kobalti ya kutibu saratani katika hospitali ya Mulago ilipoharibika mwaka 2016, mjadala ulikuwa juu ya wagonjwa wa saratani, kama ilivyostahili. Sikusikia wengi wakiuliza chanzo chake kinakwenda wapi. Sasa serikali inapanga kinu cha umeme wa nyuklia wilayani Buyende, ambako swali hilohilo litakuwa kubwa kupita kiasi. Ufaransa, kwa sheria ya mwaka 2006, huwalazimisha wenye vinu kutenga mali maalumu kwa ajili ya ubomoaji na taka, na bado kinu kidogo cha Brennilis, kilichozimwa mwaka 1985, hakijamalizika kubomolewa.

Kwa ukaguzi, upimaji na kumbukumbu, ninaipendekeza huduma hii bila kusita. Kwa anayetafuta mahali pa kuvifikisha vyanzo vyake kwa kudumu, adai barua ya mtengenezaji ya kukubali kuvipokea kabla ya kutia saini, na adai pia ada ya hifadhi iandikwe kwa miaka yote inayotarajiwa, si kwa mwaka wa kwanza tu.