Fleurie, Morgon na Moulin-à-Vent: nilivyoonja mvinyo mwekundu wa Beaujolais

Ukitaja Beaujolais, eneo la mizabibu huko Ufaransa, wengi wanawaza ule mvinyo mchanga unaotolewa Alhamisi ya tatu ya Novemba: mwepesi, unanukia ndizi mbivu, na mwaka mpya ukiingia hakuna anayeuulizia. Huo mimi naupita dukani. Nilichofuata kule ni mvinyo wa maeneo 10 ya kaskazini mwa Beaujolais, yakiwemo Fleurie, Morgon na Moulin-à-Vent, ambayo chupa zake hubeba majina ya maeneo yenyewe.

Zabibu ni ileile kote, Gamay, ambayo mwaka 1395 mtawala wa Burgundy, Philippe le Hardi, aliamuru ing'olewe mashambani. Huku Beaujolais, kusini mwa Burgundy, ikaendelea kulimwa, na udongo wa mawe ya matale ukaipenda. Mara nyingi mashada huingizwa tangini mazima, bila kukamuliwa, na kuchachuka kunaanzia ndani ya tunda lenyewe. Ndiyo maana mvinyo huu una matunda mengi na ukakasi kidogo.

Nilianza na Fleurie. Rangi yake ya kung'aa, harufu ya maua, unateremka wenyewe. Mzuri, lakini glasi ya pili haikuwa na jipya.

Morgon ndio ulionikalisha kitini. Ulitoka Côte du Py, kile kilima cha mawe ya kibuluu karibu na Villié-Morgon. Mwanzoni ulikuwa umejifunga, hauna harufu ya maana, nikaanza kuitazama bei kwa jicho baya. Mwenye kumimina akasema niuache kwanza. Tukapiga soga. Nilipourudia, cheri nyeusi ilikuwa imejaa puani, na nikishameza unabaki ukakasi mwembamba kama wa zambarau, ulimi unakauka kidogo kisha mate yanajaa tena. Hapo nikaelewa kwa nini watu wanauhifadhi kwa miaka.

Moulin-à-Vent ndio wenye heshima zake, na bei yake pia. Kinu cha upepo kilichoupa jina bado kimesimama juu ya mashamba. Niliomiminiwa ulikuwa mchanga, umelazwa kwenye mapipa ya mwaloni, na mbao zilikuwa zimelifunika tunda. Wenyeji wanasema usubiri miaka hata 10. Sawa, ila pesa natoa leo.

Kilichoniudhi ni sehemu moja walikotuletea chupa iliyokuwa imekaa kwenye joto la Julai. Gamay ikishapata moto unasikia pombe tupu. Nyumbani iweke kwenye friji nusu saa kabla ya kufungua. Nyuzi 13 hadi 15 zinatosha. Na kama wewe ndiye dereva, usione haya kutumia ndoo ya kutemea, wenyewe hawashangai.

Niliondoka na Morgon tatu na Fleurie moja. Morgon ya kwanza imeshakwenda na mishikaki ya ng'ombe yenye pilipili manga. Fleurie inamsubiri kuku wa kuchoma.